Kusukwa, Kusukana na Kujipenda

Katika duka moja la vipodozi jijini Dar es Salaam nilikuta kopo dogo la singo, ule mchanganyiko wa maua na viungo wa kusugulia mwili, lililofungwa kwa ustadi, lenye picha ya ua la asumini na maneno mawili yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: «Asilia» na «Jipende». Nililishika kwa muda mrefu kuliko bei yake ilivyostahili. Neno la kwanza nitalirudia baadaye, maana lina mambo yake. La pili ndilo lililonikera kidogo, kwa sababu katika nyumba niliyokulia Tanga hapakuwa na mtu aliyejisinga. Mtu alisingwa.

Ukiyapanga kwa mstari maneno ya urembo wa pwani utaona jambo ambalo wenyewe hatulisikii kwa sababu tumelizoea: kusukwa, kusingwa, kukandwa, kupakwa hina, kufukizwa, kutiwa wanja, kuvishwa kikuba cha maua. Vitenzi vyote hivyo vimeishia na -wa, yaani yupo anayepambwa na yupo mwingine anayefanya kazi. Pembeni yake kuna jamaa ya vitenzi vya -ana, ambavyo ni vya zamu: kusukana, kuchanana, kupakana hina, na, kwa wale wasiojifanya wamesahau, kutafutana chawa. Vile vya -ji-, kama kujiremba, kujipodoa na kujikwatua, vipo tangu zamani na sidai vinginevyo, lakini sikiliza namna vinavyotamkwa. «Kajikwatua huyo!» ni maneno ya kumtania mtu anayepita, si ya kumsifu. Hata «anajipenda» kwa wazee wetu ilimaanisha kwamba mtu ni nadhifu, anafua, anapiga pasi, hatoki na visigino vyenye nyufa. Ilikuwa sifa inayotolewa na jirani aliyemwona akipita, wala haikuwa amri ya kujifungia chumbani na kopo. Neno «kupambana» ndilo pekee lililoasi utaratibu huu, kwa kuwa halina maana ya kurembana kwa maua na vito, ingawa yeyote aliyewahi kukaa chumba kimoja na mashangazi wanne wanaomwandaa bibi harusi anajua kwamba lugha haikukosea sana.

Hoja yangu ni kwamba tumeokoa viungo vya urembo ule na kuviweka katika makopo, huku tukiacha sarufi yake nje ya duka.

Chukua kusuka, ambako sarufi hiyo inaonekana waziwazi. Bibi aliketi kwenye kigoda barazani, mimi nikiwa chini kwenye mkeka, mabega yangu yamebanwa kati ya magoti yake. Kando kulikuwa na chanuo la mti na kisosi cha mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe siku mbili kabla: nazi zilizokunwa, tui likakamuliwa, likachemshwa kwa moto mdogo mpaka maji yakaisha, mafuta yakajitenga juu na mashapo yakabaki chini yakiwa rangi ya kahawia, nasi watoto tukiyagombea. Alichovya ncha ya kidole, akapitisha mafuta kwenye mstari aliokwisha kuugawa, akaanza. Mtindo wa twende kilioni, ambao ni wa mistari inayokwenda nyuma moja kwa moja bila mbwembwe, ulichukua muda wa kutosha kwa jua kuhama kutoka mguu wangu mmoja hadi wa pili. Kichwa kiliuma, niliambiwa niinamishe, nikainamisha. Katika muda ule nilijua nani ameposwa, nani amerudishwa kwao, nani amekopa unga na hajalipa, na kwa nini shangazi fulani hakanyagi tena nyumba ya fulani. Bibi naye alijua kila alama iliyokuwa kichwani mwangu. Aliwahi kugundua choa nyuma ya sikio langu kabla mimi mwenyewe sijahisi kuwashwa, akanipeleka zahanati kesho yake.

Siutaji utambuzi huo kwa kujifurahisha tu. Mwili unaoguswa kila wiki na mtu anayeufahamu ni mwili unaochunguzwa, na uchunguzi huo haukuwa na jina wala bei.

Singo nayo ilikuwa hivyohivyo. Kila nyumba ilikuwa na vipimo vyake, lakini kwa kawaida humo ungekuta asumini, mawaridi, langilangi, mrehani, mpompia, karafuu kidogo, na liwa, yaani mti wenye harufu nzuri, iliyosuguliwa juu ya jiwe kwa marashi ya waridi mpaka ikawa uji mzito. Maua yalianikwa kivulini ili yasipoteze harufu, yakatwangwa, yakachekechwa, kisha yakalowekwa yakawa kama kinyunya. Mwari alipakwa mwili mzima, akaachwa kidogo ikaanza kukauka, halafu akasuguliwa kwa viganja, na uchafu ukatoka katika vipande vyembamba vilivyojiviringisha kama nyuzi za kijivu na kuanguka mkekani. Nakumbuka nilivyoshangaa kwamba mtu anayeoga mara mbili kwa siku anaweza kutoa vyote vile. Kwa maoni yangu, na najua wapo watakaobisha, sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na viganja. Maua yalileta harufu, mafuta yake yakalainisha, lakini kilichoondoa ngozi iliyokufa ni msuguano, na kilichomfanya mwari alale usingizi mzito ni kwamba kwa saa nzima hakuna mtu aliyemtuma dukani.

Hata hivyo, sitaki kuuchora wakati ule kwa rangi za kadi ya mwaliko. Kitenzi cha -wa kina mtendaji asiyetajwa, na tukimtafuta tutamkuta mahali pasipopendeza. Salme, binti wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, alizaliwa Unguja mwaka 1844, akaondoka kisiwani mwaka 1866, na alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886, wakati huo akiitwa Emily Ruete. Humo anasimulia asubuhi za nyumba za kifalme: bibi akiamshwa taratibu kwa kukandwakandwa na kijakazi, maji ya kuoga yakiwa tayari, na nguo zilizolala usiku kucha juu yake yametawanywa maua ya asumini na ya mchungwa zikitiwa ambari na miski kabla ya kuvaliwa. Ni maelezo matamu, lakini nikiyasoma najiuliza kuhusu yule kijakazi: yeye aliamshwa na nani, tena saa ngapi? Hali ya utumwa haikufutwa kisheria Unguja mpaka mwaka 1897. Kwa hiyo, tunaposema kwamba urembo wa pwani ulikuwa wa mikono na wa polepole, tukumbuke kwamba polepole ya mmoja ilikuwa mbiombio ya mwingine. Kusukwa si lazima kuwe jambo la haki. Kusukana ndiko kuliko na haki ndani yake, kwa sababu aliyekaa chini leo kesho atakaa kigodani.

Swali hilohilo lipo leo, isipokuwa limevaa sare. Katika hoteli za ufukweni Unguja singo inauzwa kama huduma ya saa moja, na sabuni ya mwani inapangwa kando ya kitanda cha kukandia. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, na kazi hiyo mpaka sasa inafanywa zaidi na wanawake, wakiwa wameinama katika maji ya magotini maji yanapokupwa, jua likiwachoma mgongo. Sabuni hizo ni nzuri, nazo zimewapa baadhi yao kipato kilicho bora kuliko cha kuuza mwani mkavu. Lakini ukweli ni kwamba mwanamke aliyeutoa mwani baharini ana nafasi ndogo sana ya kuwahi kulala juu ya kile kitanda.

Sasa nirudi kwenye neno «asilia», ambalo naona linatumika kama hirizi. Zebaki ni ya asili. Risasi ni ya asili. Wanja wa manga wa zamani, ule wa jiwe linalosagwa mpaka likawa unga unaometameta, mara nyingi ni madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto. Nasi tulikuwa tukiwapaka watoto wa siku saba wanja huo ili wawe na macho mazuri na wasipatwe na kijicho. Waliofanya hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa na upendo mwingi na hawakuwa na maabara. Sisi tulio na maabara hatuna kisingizio.

Hina inaonyesha jambo hili kwa upande wa pili. Majani ya mhina yana rangi ambayo ikishachanganywa na maji ya ndimu hutoka taratibu na kushikana na protini iliyomo katika ngozi, kucha na nywele. Ndiyo maana hina halisi ukiibandua huwa na rangi ya chungwa, na hukoza siku moja au mbili baadaye mpaka ikawa nyekundu ya damu ya mzee. Inahitaji subira: unakaa mikono imenyooshwa kama uliyetekwa, unalishwa, unanyweshwa chai, unafungiwa kanga na mtu mwingine. (Hapa tena ni -wa kila mahali.) Kisha ikaja piko, rangi nyeusi inayokolea papo hapo, ambayo kwa kawaida ni dawa ya nywele yenye kemikali ya parafenilinidiamini. Umoja wa Ulaya unairuhusu kemikali hiyo katika rangi za nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 inapotumika kichwani, tena kwa tahadhari, na hauiruhusu kuchorwa kwenye ngozi.

Mtoto wa dada yangu alipakwa piko katika harusi ya ukoo, akiwa na miaka 12. Siku ya tatu maua yote aliyochorwa yaliinuka yakawa malengelenge, yakifuata kila jani na kila kikonyo kama vile mchoraji amerudi usiku kuchora upya kwa maji. Kovu lake bado lipo, na daktari alimwambia mama yake kwamba mtoto asiguse rangi ya nywele maishani, kwa kuwa mwili ukishaikataa mara moja, mara ya pili unaweza kuikataa vibaya zaidi. Aliyempaka alikuwa jirani mwema anayefahamika na wote, na palikuwa na wanawake kumi chumbani. Naliandika tukio hili kwa sababu linaitoboa hoja yangu mwenyewe: mikono ya watu unaowajua haitoshi kukulinda ikiwa hakuna hata mmoja anayejua kilichomo kwenye pakiti. Ila nitasema hivi, kwamba siku ile ya tatu watu walewale kumi ndio walioitwa, wakaambiana, na piko haijarudi tena katika ukoo wetu.

Mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi iwe nyeupe, hauna bahati hiyo, na hapa ndipo ninapoona hatari ya kile kitenzi cha -ji-. Jina lenyewe linakiri: kitu kimekorogwa, na aliyekikoroga ni muuzaji nyuma ya kaunta, akichota krimu hii na losheni ile na kuvitia katika chupa isiyo na karatasi. Ndani yake kunaweza kuwa na zebaki, ambayo chumvi zake huzuia ngozi isitengeneze melanini. Kunaweza kuwa na haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi yenye ubluu yasiyotoka, yaani kinyume kabisa cha kilichonunuliwa. Au kunaweza kuwa na steroidi kali ambazo huifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa ikaonekana na kidonda kikachelewa kupona. Zebaki haibaki kwa aliyejipaka tu. Hupanda hewani, huganda kwenye taulo na shuka, na humfikia mtoto anayelala ubavuni.

Sheria si kwamba hazipo. Afrika Kusini ilipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi tangu mwaka 1990. Rwanda ilianza msako mkali mwishoni mwa mwaka 2018. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kuuza nje ya nchi vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata hicho kiwango ifikapo 2025. Tanzania udhibiti wa vipodozi ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Lakini mkaguzi anakagua chupa yenye jina. Ile iliyokorogwa saa nne asubuhi na kuisha saa kumi jioni haina jina wala tarehe, na mnunuzi wake hatakwenda kulalamika, kwa sababu anajipaka peke yake, mlango umefungwa, na jambo la kwanza atakalosema akiulizwa ni kwamba yeye ni mweupe wa kuzaliwa.

Wala tusijidai kwamba tamaa hiyo imeletwa na matangazo peke yake. Pwani yetu ilisifu weupe kabla ya krimu ya kwanza kushushwa bandarini, na wale waliomsinga mwari walimwahidi «kung'ara», neno ambalo kila mmoja alilielewa kwa namna yake. Tofauti ninayoiona ni ndogo lakini ina uzito. Singo ilioshwa ikaisha, na mwari akabaki na rangi yake huku watu wakimwambia kwamba amependeza. Mkorogo hauna siku ya kusema imetosha, kwa kuwa aliyemo chumbani yuko na kioo tu, na kioo hakijawahi kumwambia mtu apumzike.

Nikifika hapa huwa naulizwa, hasa na wanawake wenzangu wanaotoka kazini saa kumi na mbili na kufika nyumbani saa mbili usiku: hayo masaa ya kusukana yatatoka wapi? Ni swali la haki kabisa. Baraza limegeuka ukuta wenye vigae vya chupa juu yake, bibi yuko Tanga, jirani hatujui jina lake, na Jumapili ndiyo siku ya kufua. Anayemwambia mama huyo «jipende» anamwongezea kazi nyingine ya kufanya peke yake. Saluni imeziba sehemu ya pengo, nami siidharau, kwani ndiyo baraza lililobaki mjini. Humo utamkuta mhasibu ameinamishiwa kichwa na binti wa miaka 20 na wote wawili wanamjadili mwanamume mmoja wasiyemfahamu.

Kwangu kilichosalimika ni udi wa usiku wa kuamkia Ijumaa. Vipande vizuri vya udi hutoka kwa miti ya bara Asia inayotoa utomvu mweusi pale tu inaposhambuliwa na kuvu, ndiyo sababu ya bei yake, na ndiyo sababu biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa miti ilipoanza kwisha msituni. Sisi tusio na fedha hizo tunapika. Sukari inayeyushwa katika sufuria nzito mpaka inageuka rangi ya asali na kuanza kunusa kuungua, na hapo ndipo penye hila, kwa sababu ukichelewa sekunde chache umepata kashata chungu. Unaipua, unamimina marashi ya waridi ukiwa umegeuza uso, mvuke unapaa hadi darini, unatia vipande vyembamba vya udi wa bei nafuu na unga wa liwa, mwisho mafuta ya miski, unakoroga haraka kabla haujaganda. (Ndiyo, huu nao ni mkorogo.) Ukishapoa unauvunjavunja na kuuhifadhi katika kopo la maziwa. Kipande kidogo kama punje ya mahindi juu ya kaa la moto katika chetezo kinatosha vyumba viwili, nguo za wiki nzima na mtungi wa maji. Afadhali madirisha yaachwe wazi, maana moshi ni moshi hata ukinukia, na mwenye pumu asiketi karibu.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta binti wa jirani wa ghorofa ya juu, Alhamisi moja, kuuliza kama kuna harusi. Ana miaka 9. Alikuwa amefumuliwa nywele na mama yake hakuwa amerudi kutoka zamu, na shuleni kesho yake walitakiwa wawe wamesukwa. Nilimketisha mkekani na kumbana mabega kwa magoti, bila kukumbuka kwamba nilikuwa sijamsuka mtu kwa miaka mingi. Tulianza twende kilioni. Alinieleza nani darasani ameibiwa kalamu, nani analia hovyo, na mwalimu gani anavaa wigi. Mama yake aligonga mlango saa tatu kasoro, akiwa bado na sare ya kazi, akatazama kichwa kwa makini, akasema mstari wa tatu umepinda. Akavua viatu, akakaa upande wa pili wa mtoto, akaufumua.